Omega-3 na kansa ya matiti: kabla hujanunua kile kichupa

Wadau, kuna ujumbe unazunguka kwenye simu eti vidonge vya mafuta ya samaki, vile vya omega-3, vinakinga kansa ya matiti. Dada yangu kanitumia mara mbili, na bei ya kichupa imeandikwa chini yake. Nikaingia mtandaoni kuchimba, nikakuta haya.

Asidi za mafuta ndizo zinazounda mafuta tunayokula. Kuna zile zinazoganda, za samli na nyama nono. Alizeti imejaa omega-6, na omega-3 iko kwenye dagaa na samaki wenye mafuta. Madai yenyewe hayakutoka hewani: maabara, omega-3 imewahi kupunguza kasi ya uvimbe wa kansa kwa panya. Ila panya si dada yako.

Ndiyo Wamarekani wakafanya jaribio kubwa liitwalo VITAL. Watu 25,871 waligawanywa kwa kura: wengine wakameza gramu 1 ya mafuta ya samaki kila siku, wengine vidonge vinavyofanana ambavyo havina kitu. Baada ya miaka mitano na ushee matokeo yakatoka, 2018. Kansa ya matiti haikupungua.

Sasa msije mkasema basi chakula hakina maana. Hukohuko Marekani, mwaka 1993 lilianza jaribio jingine, la wanawake 48,835 waliokwisha koma hedhi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Hesabu ya 2006: kwa mwaka, katika kila wanawake 10,000, waliopunguza mafuta walipata kansa ya matiti 42, wenzao 45. Tofauti ndogo, inaweza kuwa bahati tu. Lakini walipofuatiliwa karibu miaka 20, vifo vya kansa hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 21. Ni kwa sababu ya mafuta, mboga, au uzito walioupunguza? Vyote vilikwenda pamoja, huwezi kuvitenganisha.

Mimi naegemea kwenye uzito. Mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwilini ndiyo yanakuwa kiwanda cha estrojeni, homoni inayochochea kansa nyingi za matiti. Kwa hiyo hizo chipsi za kila jioni zinanitisha kuliko kukosa kidonge. Pombe nayo imo, hata kidogo (wadau wa Ijumaa mnisamehe).

Dagaa kuleni, hawana ubaya. Ila mtu akigusa kivimbe kwenye titi, au chuchu ikaanza kuingia ndani, au ngozi ikawa kama ganda la chungwa, asikae miezi anameza mafuta ya samaki akisubiri kiyeyuke. Aende hospitali wiki hiyohiyo, maana kansa ikikutwa bado ndogo inatibika vizuri zaidi. Na wanaume msijitoe, nanyi mnaipata, ingawa ni wachache.

Aliyeuziwa kichupa kwa ahadi hiyo atuambie hapo chini kwenye maoni, alilipa shilingi ngapi?