Raba Chini, Kifua Mbele: Kasese Ni Yetu Agosti

Agosti ikigonga, msee asiniite harusi. Asiniite mechi. Kasese kuna mbio, na hiyo asubuhi town nzima imevaa raba.

Naongelea Rwenzori Marathon. Ilichapwa mara ya kwanza tarehe 3 Septemba 2022, jamaa wa utalii Amos Wekesa akiisukuma, na siku hizi inakujia Agosti. Kuna kilomita 42. Kuna 21. Kuna 10. Kuna 5 za kuanzia maisha. Juu kabisa kuna Margherita, kilele cha Mlima Rwenzori, mita 5,109, na theluji yake. Chini uko wewe na jua la Kasese, na Ikweta inapita hapo karibu na Kikorongo. Friza juu, oveni chini. Nitajie mtaa mwingine wenye hiyo combo. Ni michache.

Wazae nao wana swali moja tu: "Nani anakufukuza?" Ukitoka saa kumi na moja asubuhi, nani anakufukuza? Ukirudi na jasho, nani alikuwa anakufukuza? Mzae, tulia. Stephen Kiprotich alifukuzwa na nani pale London 2012? Alimaliza marathon kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akaletea Uganda dhahabu ya Olimpiki ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua, Munich 1972. Miaka 40 nchi inangoja! Mwaka uliofuata akabeba ya dunia, Moscow. Victor Kiplangat akabeba yake Budapest 2023. Hao hawakufukuzwa na mtu. Wao ndio walikuwa wanafukuza.

Sasa tuingie start line, kwa sababu pale ndipo kumeiva. Mbele kabisa wamesimama elite. Wembamba, kimya, hawana simu, hawana stori. Nyuma yao mbogi ya Kampala, tisheti za ofisi zimefanana, saa kubwa mkononi, wamelala kwa basi usiku kucha. Kisha wasee wa luku: miwani, kofia, soksi ndefu, kila kitu kinang'aa. Kisha madogo wa shule, wengine na kandambili, na hao usiwachezee, watakupita mchana kweupe. Kati yao kuna mathee wanasalimiana "Wabukire!" kana kwamba ni sokoni, MC anapasua spika, dawa ya misuli inanuka mpaka machozi. Mabega yanagusana. Hakuna nafasi ya kuinua mkono. Nakwambia hakuna pati inayobamba hivyo saa kumi na mbili asubuhi.

Na hapo hapo ndipo wasee wanachoma picha.

Picha ya kwanza: jamaa wa kilomita 5 amejipenyeza mbele, bega kwa bega na elite. Bunduki inalia. Anatoka moto, mita 300 za utukufu, halafu anashika kiuno katikati ya barabara. Watu elfu wako nyuma yake. Ngori! Mtu anaweza kukanyagwa hivyo. Simama na wenye pace yako. Mbio kubwa siku hizi zinatumia chip, kile kidude kinachoanza kuhesabu muda wako ukivuka mkeka wa kuanzia. Ukiwa nyuma hujapoteza kitu. Zawadi za mbele zina wenyewe.

Picha ya pili: selfie bunduki ikilia. Mkono juu, macho kwa simu, miguu imesimama. Piga picha zako kabla, bro. Piga hata mia. Bunduki ikilia, simu mfukoni.

Picha ya tatu: kutoka mbio sana. Kelvin Kiptum alipovunja rekodi ya dunia Chicago, Oktoba 2023, alimaliza kwa 2:00:35. Nusu ya kwanza 1:00:48. Nusu ya pili 59:47. Umeona hiyo hesabu? Mwenye kasi kuliko wote wakati huo alianza mos mos, akamalizia na moto. Na ile ilikuwa baridi ya Chicago. Kwa joto letu mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, moyo unapiga kazi ya ziada, na sukari iliyo kwenye misuli inaisha haraka. Kilomita ya kwanza haina medali. Iache ipite.

Tuongee doh. Hii michezo imeanza kuwa ya mabwanyenye. Septemba 2023, Adidas walitoa ndula ya marathon ya dola 500. Tigist Assefa wa Ethiopia aliivaa Berlin na kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake, 2:11:53. Heshima kwake. Lakini hiyo bei wakati huo ilikuwa zaidi ya milioni 1.8 za Uganda, na kampuni yenyewe ilisema imeundwa kwa ajili ya mbio moja tu. Mbio moja! Kwa hiyo bei unanunua mbuzi kadhaa, unabaki na chenji ya boda. Msee wa kilomita 5 anayeota hiyo kiatu anahitaji maombi.

Ingia mivumba pale Mpondwe. Geuza ndula, angalia soli: ikiwa kisigino kimeliwa upande mmoja, rudisha. Bonyeza katikati: ikiwa imekufa haidundi, rudisha. Vaa, simama, hakikisha mbele panabaki nafasi ya kidole gumba, kwa sababu mguu unavimba ukikimbia kwa joto. Halafu kimbia nayo wiki kadhaa kabla. Kiatu kipya siku ya mbio ni malengelenge ya hiari.

Keja nazo wikendi ya mbio zinapanda bei bila aibu. Wewe una shangazi Kasese. Kila mtu huku kwetu Bwera ana shangazi Kasese. Mpigie mapema, beba sukari na sabuni, ulale bure. Usiku manga bundu na samaki, usiingie kwa stori za pasta ya hoteli. Bundu ni muhogo, muhogo ni wanga, na wanga ndio petroli. Sombe nyingi iache mpaka umalize, tumbo litakushukuru. Rolex ni ya baada ya medali.

Sasa sikiza, hii ndiyo inaniuma. Kiprotich, Cheptegei, Kiplimo, Kiplangat, mastaa wa mbio wa Uganda: wote wa upande wa Mlima Elgon. Elgon ina mita 4,321. Wetu, Rwenzori, unauzidi karibu mita 800. Mlima tunao. Miguu tunayo: angalia vijana wanaosukuma baiskeli za magunia kuvuka mpaka wa Kasindi, angalia madem wanaoshuka Ihandiro na ndizi kichwani kabla jua halijatoka. Kule Sebei, upande huo wa Elgon, wana kambi, wana makocha, na watoto wanaanza shuleni. Sisi tuna wazae wanaouliza nani anatufukuza. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Kwa hivyo mwaka huu tusibaki ukingoni mwa barabara tukiuza maji na kupiga makofi kwa wageni. Walimu, pelekeni madogo kilimani, Kyondo, Kilembe, popote penye mwinuko. Wenye maduka, lipieni kijana mmoja mmoja namba yake. Na wewe msee wangu, anza kesho: asubuhi tatu kwa wiki, mos mos, mpaka uweze kukimbia nusu saa huku unaongea. Kisha jiandikishe mapema, panda gari ya Kasese, simama mahali pako kwenye ile start line, na bunduki ikilia, fukuza mtu.