Ndugu wa Kiota Kimoja

Hadithi nyingi za jioni husimulia habari za wanyama waketio chakulani kama watu. Mama hukata nyama na kuwagawia watoto. Mdogo hulalamika ya kuwa fungu la mkubwa limezidi. Mama humwongezea kipande, na ugomvi hukoma. Masimulizi hayo hupendeza, lakini waliyoyatunga walitazama nyumba za binadamu, hawakutazama kiota wala pango. Wataalamu waliokaa kimya siku nyingi wakiwachungulia wanyama wenyewe wameona mambo mengine kabisa.

Mfano mmoja ni tai mweusi, akaaye katika majabali ya Afrika toka Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Chakula chake hasa ni pimbi. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, la pili siku chache baada ya la kwanza, naye huanza kuatamia bila kulingoja la pili. Kwa sababu hiyo kinda mmoja humtangulia mwenzake kuanguliwa kwa muda wa siku tatu hivi. Na siku tatu, kwa kiumbe akuaye upesi namna ile, ni umri mkubwa. Mara mdogo atokapo yaini, mkubwa humdonoa kichwani na mgongoni, tena na tena, asimpe nafasi ya kuinua shingo na kupokea nyama. Katika vilima vya Matopo, nchini Zimbabwe, Bibi Valerie Gargett aliwachunguza tai hawa miaka mingi. Katika kiota kimoja mkubwa alihesabiwa kumdonoa mdogo mara 1,569 kwa siku tatu, hata mdogo akafa. Wala si kwamba chakula kilikosekana. Nyama ilikuwamo kiotani tele. Wazazi wa tai hawaamui ugomvi huo. Msomaji atamkumbuka Kaini na nduguye Habili, lakini Kaini alijua alilolitenda, na kinda wa tai hajui.

Basi, kwa nini tai atage mayai mawili, naye karibu sikuzote hulea mtoto mmoja tu? Yai la pili ni akiba. Likiwa la kwanza ni viza, au kinda wake akizaliwa dhaifu, yupo wa pili wa kushika mahali pake. Hata mkulima hutia mbegu tatu za mahindi katika shimo moja, kisha huing'oa miche iliyozidi, wala hapana asemaye kwamba ameionea.

Kwa fisi mwenye madoa jambo hili huenda kwa njia nyingine. Yeye huzaa watoto wawili mara nyingi. Watoto wa mbwa huzaliwa vipofu, bali wa fisi huzaliwa macho yakiwa wazi na meno yameota, nao huanza kuumana siku ile ile. Mama huwa na chuchu mbili zenye maziwa. Mtu angedhani kila mmoja ana yake na maneno yamekwisha. Lakini yule aliyeshinda humfukuza mwenzake asinyonye mpaka yeye ameshiba. Katika mbuga za Serengeti nyumbu na punda milia huhama, na mama hulazimika kuwafuata mbali sana, asirudi pangoni kwa siku kadhaa. Hapo maziwa hupungua, ugomvi huzidi, na mara nyingine mnyonge hufa. Wakati wa neema wote wawili hukua pamoja. Kwa hiyo kisa cha fisi ni njaa, na kisa cha tai sicho.

Wako pia wazazi waingiliao kati. Kukuziwa wa Marekani, ndege mweusi wa maziwani, huangua makinda mengi kwa zamu, si siku moja, na wengi wa wale wa mwisho hufa njaa upesi. Makinda hayo yana manyoya ya rangi ya chungwa yang'aayo kama moto. Huko British Columbia, nchini Kanada, wataalamu walikata ncha za manyoya hayo kwa nusu ya makinda ya kila kiota, wakaona ya kuwa wazazi huwalisha zaidi wale wenye rangi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1994. Palipokatwa makinda yote ya kiota, hapana aliyepungukiwa, maana mzazi hakuwa na wa kumlinganisha naye. Zipitapo siku kumi hivi, baba na mama kila mmoja huchagua kipenzi chake, mara nyingi katika wale wadogo. Mkubwa ajapo kupokonya, mzazi humkamata kichwa kwa mdomo na kumtikisa kwa nguvu. Aliyetikiswa huacha kuomba kwa muda, akaogelea kando kujitafutia mwenyewe.