Sindano Moja Ndefu, Baridi ya Njombe na Mume Wangu

Mpenzi msomaji, ukiona "mke", "mume" na "kufuma" kwenye sentensi moja, najua akili yako imekimbilia wapi. Tulia, hakuna fumanizi hapa. Nazungumzia kufuma kwa uzi na sindano, ile kazi ambayo wengi wetu tuliwaachia mama zetu pamoja na vile vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye makochi. Tena nazungumzia kufuma na mume, wote wawili, kila mtu na uzi wake, usiku wa mwezi wa saba, Njombe.

Kama hujawahi kufika Njombe mwezi wa sita au wa saba, muulize aliyefika. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ikishagonga saa mbili usiku hakuna anayekwambia twende tukapunge upepo. Watu wanajifungia ndani. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba madirisha, jambo ambalo naomba usithubutu, maana hewa chafu ya mkaa huua mtu akiwa usingizini bila hata kumshtua. Kinachobaki ni chai, blanketi na mtu uliyenaye. Sasa kama na huyo uliyenaye hamwelewani, usiku wa Njombe ni mrefu, nakwambia.

Sisi mwaka juzi tulikuwa hapo. Mume wangu alipata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, aripoti mwezi wa kwanza. Mimi nina kazi yangu hapa, naipenda, na nilikuwa nimepandishwa cheo miezi minne tu kabla. Kila tukigusa mada ya "unakuja au huji", kasheshe. Yeye anapandisha, mimi napandisha, halafu mmoja anachukua simu na kugeukia ukutani. Wiki nzima mnaongea habari za luku na gesi tu, kama wapangaji wawili waliokutana uani.

Kufuma kuliingia nyumbani kwa sababu ya blanketi, si kwa sababu ya ushauri wa ndoa. Niliona mtandaoni kitambaa kinene chenye vinundu kama sega la nyuki, nikadhani kimefumwa kwa sindano mbili za sweta. Kumbe ni kroshia, ila ya aina yake: kroshia ya Tunisia. Jina linataja Tunisia, lakini vitabu vya kazi za mikono vya Ulaya katika karne ya 19 viliita "tricot", na Wamarekani wengi wameizoea kama mshono wa Kiafghani. Majina ya safari ndefu kwa kitu ambacho unaweza kukifanya umekaa Kibena.

Tofauti yake na kroshia ya mama ni hii. Kwenye ile ya kawaida unamaliza mshono mmoja ndipo unahamia wa pili. Kwenye hii unakwenda na kurudi. Piga minyororo 30. Kitanzi kilichopo kwenye sindano kinahesabika kuwa cha kwanza, kwa hiyo anzia mnyororo wa pili, chomoa kitanzi, kiache kwenye sindano, endelea hivyo hivyo mpaka sindano ibebe vitanzi 30. Hapo umekwenda. Kurudi, zungusha uzi na upitishe kwenye kitanzi kimoja, kisha zungusha tena na upitishe kwenye viwili viwili, mpaka kibaki kimoja. Kitambaa hakigeuzwi. Uso wake unakutazama mwanzo hadi mwisho.

Kwa kuwa sindano inabeba mstari mzima, ile fupi ya dukani haitoshi. Unaweza kuanza nayo kwa kipande chembamba, ukiifunga mpira wa noti mwishoni ili vitanzi visidondoke, lakini kwa blanketi utachoka. Sisi tulikwenda kwa fundi seremala, akatuchongea mbili za mianzi, sentimita 35, unene wa milimita 8, akazipiga msasa mpaka zikateleza. Mafundi waliokuwa pale walicheka sana. Huku kwetu mianzi inajulikana kwa kazi moja, kutoa ulanzi, na sasa amekuja mtu na mkewe wanataka itengenezewe ndoano kichwani!

Uzi tuliufuata Makambako, kilomita kama 60 kutoka hapa, pale ambapo barabara ya Songea inachepuka kutoka ile kuu ya kwenda Tunduma. Hatukununua uzi mpya. Tulinunua masweta ya mtumba, makubwa, na kuyafumua. Hapa shosti nisikilize vizuri, maana ndipo pesa inapookolewa. Geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya pembeni. Kama limekatwa na kupigwa ovaloki, liache, utapata vipande vifupi vifupi tu. Kama pembeni limeunganishwa kwa uzi kama mnyororo, hilo ndilo. Likate uzi wa pembeni, anza kufumua kutoka shingoni, zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne, fua, tundika na kitu kizito chini mpaka mikunjo iishe. Kujua kama ni sufu ya kondoo, choma kipande kidogo: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika, akriliki inayeyuka na kuwa punje ngumu. Ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili au tatu pamoja.

Mshono wa maongezi na mshono wa kimya

Mistari ya kwanza ikishatoka, utaona kila mshono umeacha kijiti kimoja kimesimama mbele. Utamu wote uko kwenye hicho kijiti. Ukiingiza sindano nyuma yake kutoka kulia na kuchomoa kitanzi, unapata mshono mwepesi, vijiti vimejipanga kama askari. Ukichoma katikati, kati ya kijiti cha mbele na cha nyuma mpaka sindano itokee upande wa pili, kitambaa kinafanana kabisa na sweta, ila kinene zaidi. Na ukileta uzi mbele kwanza, ukaingiza sindano nyuma ya kijiti, kisha uzi ukavuka mbele yake kurudi nyuma kabla ya kuchomoa, unapata kinundu kilicholala. Basi. Mikunjo na mabonde yote unayoyaona kwenye picha nzuri nzuri yametokana na kuchanganya hivyo.

Sega la nyuki ni mwepesi mmoja, kinundu kimoja, mpaka mwisho wa mstari, na mstari unaofuata unapishanisha: juu ya mwepesi weka kinundu, juu ya kinundu weka mwepesi. Ni mzuri mno, unabonyea kidoleni kama mkate, na ile mifuko midogo inatunza hewa yenye joto. Lakini unadai hesabu. Ukipoteza mmoja, mstari mzima unaharibika. Usiku wa sega la nyuki hatukuongea. Yeye "moja, mbili" kwa sauti ya chini, mimi "moja, mbili", na cha ajabu ni kwamba kile kimya hakikuwa cha kununiana.

Mshono mwepesi haudai kitu. Mkono unakwenda wenyewe, macho yako kwenye uzi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mume wangu anaweza kuzungumzia Dodoma bila kupandisha. Nadhani ni kwa sababu hatukutazamana. Ukimwangalia mtu usoni na kumwambia "naogopa nikikufuata nitakuwa mke wa fulani tu, sina kazi, sina jina", inasikika kama shitaka. Ukiyasema hayo hayo huku unavuta uzi, yanakuwa maneno ya kawaida. Naye aliniambia kitu ambacho miaka mitatu ya ndoa sikuwahi kukisikia, kwamba alikua akimwona baba yake Jumamosi na Jumapili tu, na hataki kuwa baba wa wikiendi. Nilimaliza mstari mzima kabla sijajibu. Kwenye ugomvi wetu wa zamani ningejibu kabla hajafunga mdomo.

Kwa hiyo tukawa tunachagua mshono kulingana na usiku. Tukiwa tumechoka, sega la nyuki. Kukiwa na la kusema, mwepesi. Tukiwa na furaha, kikapu: nyepesi 5, vinundu 5, mistari 5, kisha unageuza zamu, na kitambaa kinatoka na miraba inayopitana kama kikapu cha milulu cha Iringa.

Mama mkwe alikuja mwezi wa nane. "Kamwene," nikaitika, na kabla hajakaa akamwona mwanawe na sindano mkononi. "Baba, umekosa kuni za kupasua?" Mume wangu akamkumbusha kwamba masweta ya shule aliyovaa utotoni yalifumwa na fundi mwanaume kwa mashine, na kwamba Zanzibar wapo wanaume wanaoshona kofia. Mama hakujibu. Alichukua kipande, akakigeuza, akakisugua kwa dole gumba, akasema kimekazwa sana, ndiyo maana kinajikunja kama jani la tumbaku.

Alisema kweli. Ufumaji huu hupenda kujikunja, na ule wa kuchoma katikati ndio mkorofi kuliko yote. Tumia sindano nene kuliko ambayo ungetumia kwa kroshia ya kawaida, milimita 2 zaidi kwa kuanzia, na anza na mstari mmoja au miwili ya vinundu. Ukimaliza, lowesha, tandaza juu ya godoro, bana pembeni kwa pini mpaka kikauke. Akriliki usiikandamize kwa pasi ya moto, italala na haitaamka tena. Nikwambie pia ukweli mwingine: unakula uzi kuliko kufuma sweta, na kama unachotaka ni blanketi tu, la dukani ni rahisi zaidi. Letu lilichukua miezi mitatu, vipande 6 vya sentimita 25, urefu mita 2, na ni zito kiasi kwamba tulitoa mablanketi mengine mawili kitandani.

Mwezi wa kwanza alihamia Dodoma. Mimi nilibaki. Tulikubaliana miaka miwili, mimi nitafute nafasi kule na yeye aombe kurudi nyanda za juu, na atakayefanikiwa kwanza ndiye anayeamua wapi pa kuishi. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa. Kuna usiku naona tulifanya la maana, na kuna usiku nalala na hasira na sina wa kumgeukia.

Blanketi la pili tunalifuma nusu kwa nusu, simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Vipande vyake vinakuja na basi. Cha nne kilifika Ijumaa, sega la nyuki tupu kutoka chini hadi juu, sentimita 22 wakati vyangu vina 25. Anavuta uzi mno. Nimemwagizia kwa seremala sindano ya milimita 9, na kile kipande nimekiweka pembeni, kitaunganishwa ukingoni ambako upungufu hautaonekana.