Kompyuta Ikiganda Baada ya Kadi Mpya

Msomaji mpenzi, kama umepata kusimama Mwaloni wa Kirumba wakati mitumbwi inapotoka, huenda umeliona jambo hili. Mwenye mtumbwi amefunga injini kubwa zaidi, lakini mpira wa mafuta ni ule ule mwembamba wa zamani. Karibu na ufuko injini yanguruma vizuri. Akifika mbali na kuongeza mwendo, yakohoa na kuzimika. Naye huilaani injini, kumbe ina njaa tu.

Kijana mmoja jirani yetu hapa Ilemela, apataye riziki kwa kutengeneza video za arusi, alipatwa na jambo la namna hiyo. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, iliyotoka ofisini. Alikopa fedha akanunua kadi ya picha, GeForce GTX 1660, ili kazi iende upesi, akaifunga mwenyewe. Siku ile ile kompyuta ikaanza kuganda: picha yasimama, mshale hauendi, sauti yakwama. Nayo video ya watu iliahidiwa Jumamosi! Kwa hasira akamwendea muuzaji, akamwita mwizi mbele ya wateja.

Je, muuzaji yule alikuwa mwizi? Ngoja kwanza. Likikupata jambo hili, fuata njia hii, wala usibadili mambo mawili kwa mara moja, usije ukakosa kujua lipi lililoponya.

Kwanza, okoa kazi yako. Nakili mafaili kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu, maana kila unapoizima kompyuta kwa nguvu, faili lililo wazi laweza kuharibika.

Pili, angalia yaganda wakati gani. Ikiganda mara tu kazi nzito inapoanza, shuku umeme. Ikichukua dakika kumi au ishirini, shuku joto. Ikiganda ovyo hata ikiwa imetulia, shuku draiva au ramu. Hizi ni dalili, si hukumu.

Tatu, zima, chomoa waya ukutani, toa kadi mpya, na urudishe hali ya zamani. Ikifanya kazi siku nzima bila kuganda, basi shida iko kwenye kadi, au kwenye kile kadi inachohitaji. Ikiganda vile vile, kadi haina hatia.

Nne, pima chakula chake, yaani umeme. Kadi hupata hadi wati 75 kwenye sloti inapochomekwa. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 wati 150. Kadi ya kijana wetu hula wati 120, na watengenezaji hushauri pawa saplai ya wati 450. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai yako. Ya kijana yule iliandikwa wati 280, wala haikuwa na plagi ya pini 8. Yeye alinunua waya wa kugeuzia, akauunga kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, ambayo kwa njia ya volti 12 imepimiwa wati 54 tu. Tulipofungua, plastiki yake ilikuwa imeanza kuyeyuka. Angaliendelea wiki moja zaidi, pengine tungalizungumza habari za moto.

Tano, tazama joto. Vumbi letu, na wale wadudu wadogo wa ziwani wafuatao taa usiku, huziba feni. Safisha kwa brashi laini, na uipe kompyuta nafasi ya kupumua. Katika Windows 10 na 11, Task Manager yaweza kukuonyesha joto la kadi. Likikaribia digrii 90, usiendelee.

Sita, draiva. Ya kadi ya zamani ikibaki, hugombana na ile mpya. Iondoe kabisa, kisha uweke mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi yenyewe.

Baada ya hayo yote, ijaribu kadi katika kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Ikiganda na huko, hapo una haki ya kuirudisha dukani. Nenda na risiti, uongee kwa adabu.

Kijana wetu alipata pawa saplai ya wati 500 inayolingana na mashine yake, kwa kuwa za ofisini nyingine zina plagi za namna yake na lazima ulinganishe kabla ya kununua. Kompyuta haikuganda tena, na arusi ikatoka Jumamosi kama alivyoahidi.

Lakini kazi moja ilibaki, nayo haikuwa ya bisibisi. Jumatatu alirudi dukani, akamwomba radhi muuzaji mbele ya wateja waliokuwapo. Pawa saplai yanunulika, msomaji. Jina la mtu ukilichafua, kulisafisha ni kazi ndefu.