Je, Wajua? Asili ya Kaskazi na Kusi

Je, wajua ya kuwa pepo za kaskazi na kusi, ambazo tangu dahari ziliwaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha zikawarejesha makwao, asili yake ni tofauti ya tabia baina ya nchi kavu na bahari? Ardhi hushika joto na kulipoteza upesi kuliko maji. Basi yapata Desemba hadi Machi, bara la Asia lipoapo, hewa yake nzito huvuma kuelekea kwetu, nayo ndiyo kaskazi. Na yapata Aprili hadi Septemba, bara hilo likiisha kupata moto, hewa yake hupanda juu, ikavuta ile ya baharini, nayo ndiyo kusi. Hakika, aliyeziendesha jahazi za mabaharia hao ni jua.