Akiba Haiozi: Kisa cha Amri ya Kuhifadhi Picha

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapana shaka walikuwa wakifikiria duka na ghala, lakini usemi huo wawafaa vile vile wale ambao mali yao ni picha. Hapa Bujumbura picha imekuwa kitu cha lazima. Haipiti harusi, haipiti mazishi, halipiti gwaride wala mahafali ya shule bila picha kupigwa, kukatwa, kung'arishwa na kuchapwa. Kazi hiyo, ambayo zamani ilifanyika katika chumba cha giza chenye beseni za dawa, siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta.

Miongoni mwa programu zitumikazo kwa kazi hiyo ni ile iitwayo GIMP. Katika makala haya twakusudia kueleza ugomvi uliozuka mwaka 2012 baina ya watengenezaji wa programu hiyo na watumiaji wake, ugomvi ambao mwangwi wake wasikika hata leo. Kiini chake ni amri moja tu, nayo ni amri ya kuhifadhi. Tunamwomba msomaji asilidharau jambo hili kwa udogo wake. Sisi tulilidharau, nasi tukajuta.

ILIKOTOKA

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mwaka 1996 ikatolewa kwa watu wote. Ni programu huria. Maana yake ni kwamba leseni yake yamruhusu mtu yeyote kuitumia bila malipo, kuinakili, kuyachunguza maandishi yake ya ndani na hata kuyabadili, mradi naye akiigawa awape wenzake ruhusa ile ile aliyopewa yeye. Wanaoitunza leo ni kikundi kidogo cha watu walioenea duniani, na wengi wao hujitolea.

Kwa ofisi au fundi asiye na fungu kubwa la fedha, hiyo ni neema. Programu mashuhuri ya Photoshop, ambayo kampuni yake ilianza mwaka 2013 kuelekeza matoleo mapya kwenye ukodishaji wa malipo ya mara kwa mara, si mzigo mwepesi kwa mwenye kibanda cha kuchapa picha katika mtaa wa Buyenzi au Bwiza.

Katika matoleo ya GIMP yaliyotangulia, hadi lile la 2.6 lililotoka mwaka 2008, mambo yalikuwa mepesi. Mtu alifungua picha yake ya JPEG, aina itokayo katika kamera na simu nyingi, akaikata na kuing'arisha, kisha akabonyeza vitufe vya Ctrl na S. Picha ikahifadhiwa pale pale ilipokuwa, kwa jina lile lile, naye akaenda zake.

AMRI ILIYOGEUKA

Tarehe 3 Mei, 2012, likatolewa toleo la 2.8. Lilikuwa na mambo mengi yaliyosubiriwa kwa hamu, kama vile uwezo wa kuviweka vidirisha vyote vya kazi katika dirisha moja. Lakini ndani yake amri ya kuhifadhi ilikuwa imegeuka. Tangu siku hiyo, kuhifadhi kukawa na maana moja tu, yaani kuiweka kazi katika faili la aina ya XCF, ambalo ni faili la GIMP yenyewe. Herufi hizo zatokana na jina la kikundi cha wanafunzi wa kompyuta cha huko Berkeley ambako programu ilizaliwa. Mwenye kutaka JPEG au PNG sharti atumie amri nyingine, amri ya kuitoa picha nje. Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi za Bujumbura husema Kifaransa, msomaji atazikuta zimeandikwa Enregistrer na Exporter, na vitufe vya hiyo ya pili ni Ctrl, Shift na E.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wapo waliolalamika kwamba wao hawachori wala hawaungi picha. Kazi yao ni kukata kidogo na kuongeza mwanga kidogo, tena kwa picha arobaini mfululizo, na kila picha sasa imeongezewa hatua. Wapo waliochukizwa na onyo. Mtu amekwisha kuitoa JPEG yake salama, lakini akitaka kuifunga picha, programu yamwambia kuwa kazi yake haijahifadhiwa. Na wapo waliouliza swali zito zaidi: ni nani aliyewapa watengenezaji mamlaka ya kuugeuza mkono wa mtu aliyeutumia miaka kumi?

Swali hilo sisi twalielewa vizuri. Kuruta afundishwapo gwaride, hafundishwi kufikiri juu ya kila neno. Hufundishwa hata miguu ijue yenyewe. Akisikia "geuka", mwili umekwisha kugeuka kabla ya akili kuuliza. Vidole vya fundi wa picha navyo ni hivyo hivyo. Ukiiacha amri ikiwa na sauti ile ile, lakini ukaibadili maana, kikosi kizima kitagongana uwanjani, na aliye hodari zaidi ndiye atakayekosea zaidi.

HOJA ZA WATENGENEZAJI

Hata hivyo, si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Watengenezaji walikuwa wameandika tangu mwaka 2006 dira ya programu yao, kwamba iwe chombo cha kazi kubwa ya picha, chombo cha mafundi wa dhati. Na katika kazi kubwa, walisema, faili la kazi na faili la kupelekwa kwa watu si kitu kimoja.

Picha inayotengenezwa huwa na tabaka nyingi zilizolaliana. Chini ipo picha yenyewe, juu yake maandishi, juu yake nembo, na pengine kivuli. Faili la XCF huzitunza tabaka hizo zote, kila moja peke yake, hata mtu akirudi baada ya mwaka aweza kubadili neno moja bila kugusa uso wa mtu. Faili la JPEG haliwezi. Hilo huzibana tabaka zote kuwa moja na kuiacha mbali kila chembe ambayo jicho halitaikosa upesi, ili faili liwe dogo. Tena kila JPEG ifunguliwapo, ikabadilishwa na kuhifadhiwa upya, hupoteza tena kidogo, mfano wa nguo ifuliwayo kila siku hata rangi ikapauka.

Sisi wakazi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika twaweza kulielewa jambo hilo kwa mfano wa kahawa yetu. Punje ikiwa bado katika ganda lake jembamba yaweza kuwekwa, na mkulima akiitaka mbegu aweza kuiotesha. Ikisha kukobolewa na kukaangwa, yafaa kwa mnywaji, lakini hakuna aliyepata kuipanda ikaota. JPEG ni kahawa iliyokaangwa. XCF ni punje katika ganda lake. Ni haki kuyatenganisha maghala mawili hayo, na kuwa na mlango mmoja wa akiba na mwingine wa bidhaa zinazosafiri.

YALIYOTUPATA SISI

Tungaliweza kuishia hapo, tukasema wataalamu wamenena. Lakini yapo mawili yaliyotupata wenyewe, nayo yavuta huku na huku.

La kwanza lilitokea tulipokuwa tungali tukitumia toleo la zamani, kwani kompyuta yetu ilikuwa kuukuu na hatukuwa na haraka ya kubadili. Tulikuwa na picha ya kikosi kidogo cha askari wetu, iliyopigwa kabla hawajasafiri kwenda Somalia. Mmoja wao alifariki baadaye kwa maradhi. Ndugu zake wakaomba sura yake kwa ajili ya msiba, na ilitakiwa siku ile ile. Tukaifungua picha, tukaukata uso wake, tukaukuza, tukabonyeza vitufe vile tulivyovizoea. Picha ikachapwa vizuri, wafiwa wakashukuru.

Baada ya wiki chache akaja mama mmoja. Mwanawe alikuwa katika kikosi hicho, naye alikuwa amesikia kwamba ipo picha. Hakuwa na picha yoyote ya mwanawe akiwa katika sare. Tukalifungua faili. Ulikuwamo uso mmoja tu, na pembeni yake bega la mtu aliyesimama karibu. Bega hilo ndilo lilikuwa la mwanawe. Wengine wote tulikuwa tumewafuta sisi wenyewe kwa vitufe viwili. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kusafishwa kwa ajili ya gwaride jingine.

Tulimweleza mama yule ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, wanangu, nipeni hilo bega." Tulimchapia. Alilifunga ndani ya kitambaa, akatuaga kwa adabu, nasi tukabaki tunatazamana.

Lau programu ingalikuwa ni ile ya 2.8, jambo hilo lisingalitokea. Ingalituuliza mahali pa kuweka XCF mpya, na JPEG ya asili ingalibaki nzima, na askari wote ndani yake.

La pili lilitokea baada ya kupata toleo jipya. Tulikuwa na sherehe asubuhi, na jioni ya kuamkia siku hiyo koplo wetu alimaliza tangazo, akalihifadhi kwa vitufe vile vile, akalitia katika flashi na kulipeleka kwa mchapaji karibu na mahali lilipokuwa soko kuu lililoungua mwaka 2013. Mashine ya mchapaji haikulitambua faili. Koplo akapiga simu: "Afande, wanasema hii si picha." Ilikuwa ni XCF. Mlinzi alikuwa amekwisha kufunga ofisi, na ufunguo ulikuwa mbali. Asubuhi sherehe ilifanyika bila tangazo. Makosa yalikuwa yetu, kwani hatukumfundisha koplo amri mpya. Lakini na sisi hakuna aliyekuwa ametufundisha.

NANI MWENYE HAKI?

Kwa maoni yetu, watengenezaji walikuwa na haki katika jambo, nao walipungukiwa katika namna. Kuilinda picha ya asili ni wema. Lakini mageuzi mema yakija bila maandalizi huonekana kama adhabu. Wenyewe ni kama walilitambua hilo, kwa maana matoleo ya baadaye yalilainishwa: mtu akiandika jina la JPEG katika dirisha la kuhifadhi, hupewa njia ya kumpeleka moja kwa moja kwenye dirisha la kutoa nje. Hata hivyo msingi haukubadilishwa. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, lingali na milango yake miwili.

Aidha, asifikiri mtu kwamba ugomvi huu ni wa programu za bure peke yake. Mwaka 2021 Photoshop nayo iliiondoa JPEG katika amri yake ya kuhifadhi kwa jina jingine, ikaitaka itafutwe chini ya amri ya kuhifadhi nakala. Wateja wanaolipa wakapiga kelele, na kampuni ikaongeza mahali pa kuchagua ili anayetaka desturi ya zamani airudie. Tofauti ni kwamba mteja wa kampuni hungoja huruma ya kampuni, lakini mtumiaji wa programu huria ana ufunguo mkononi. Wako waliochukizwa mwaka 2012 ambao hawakuishia kulalamika. Waliandika vijiprogramu vya nyongeza vya kuirudisha tabia ya zamani, wakawagawia wenzao. Hata asiyejua kuandika programu aweza, ndani ya GIMP yenyewe, kuvipa vitufe vya Ctrl na S kazi nyingine aipendayo.

Lakini ufunguo usiojulikana ulipo haufungui mlango. Afrika ya Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba yaweza. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliketi wakatafuta neno la kila amri, ili mtumiaji aelewe anachokitenda. Vijana wa vyuo vyetu vya Bujumbura nao wana akili za kutosha kuingia katika kazi kama hiyo. Anayeshiriki kutengeneza chombo hapatwi na mageuzi kama mvua ya ghafula.

LA KUFANYA

Kwa wenzetu wa ofisi, shule, parokia, misikiti na vibanda vya picha, twatoa nasaha chache tulizozipata kwa gharama. Kwanza, picha itokayo katika kamera isiguswe. Inakiliwe, na kazi ifanyike juu ya nakala. Pili, kazi yenye tabaka ihifadhiwe kwa XCF, kisha itolewe JPEG au PNG kwa ajili ya mchapaji, na kabla ya kuondoka ofisini faili lililo katika flashi lifunguliwe litazamwe. Tatu, ikumbukwe kuwa XCF hutunza tabaka lakini haitunzi historia ya hatua zilizopita. Ukisha kuifunga picha, huwezi tena kurudi nyuma hatua kwa hatua. Nne, toleo jipya la programu yoyote lisiwekwe siku ya kuamkia sherehe. Mwisho, kadi ya kamera isisafishwe mpaka picha zake ziwe zimewekwa mahali pawili.

Hayo ndiyo tuyafanyayo sasa. Koplo wetu bado hunung'unika kila aonapo onyo la kwamba kazi haijahifadhiwa, nasi hatumkatazi, kwani kunung'unika si uasi. Lakini halifungi dirisha kabla ya kulisoma. Katika kabati letu lipo faili lenye uso mmoja na bega, nalo hatujalifuta. Kila kijana mpya aletwaye ofisini huonyeshwa faili hilo kabla hajakabidhiwa kamera.