Mnyama Yumo Ndani ya Mti

Sisi wa Bofu tukivuka feri kwenda mjini hatukosi kuona vinyago vya twiga, ndovu na vifaru vikiuzwa kwa watalii. Wengi wetu hudhani ni mapambo tu. La hasha! Sanaa hii ina asili yake.

Tuanze na Wamakonde. Asili yao ni Msumbiji na kusini mwa Tanzania, lakini wengine wako hapa jirani, Kwale. Baada ya kutembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki zao mwaka wa 2016, walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wamakonde ndio mafundi wa vinyago vya shetani. Shetani huyu huchongwa kwa mpingo, na mwili wake ni mchanganyiko wa mtu, mnyama, ndege au samaki.  Fundi huutazama kwanza mti ulivyopinda, kisha hushika tezo. Pindo likawa shingo, kigutu kikawa sikio.

Wakamba nao walijifunza kuchonga. Mutisya Munge wa Wamunyu aliupata ujuzi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha kwao. Chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kiko papa hapa Changamwe tangu 1963. Wao hupenda kuchonga wanyama wa mbugani walivyo.

Sasa hapa pana shida. Mpingo na muhugu hukua polepole mno, na miti mingi imekatwa kwa ajili ya vinyago. Je, ni heshima gani kumtukuza ndovu kwa kumaliza msitu anamoishi?

Jibu tunalo Pwani. Huko Kaya Kinondo, Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na hata kijiti. Wazee wa Kidigo huamini kuwa hapo ni mahali pa sala na pa wahenga wao. Kwa sababu ya miiko hiyo msitu ungali umesimama, na mwaka wa 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia.

Wachongaji nao wamezinduka. Wengi siku hizi hutumia mwarobaini, mti unaokua haraka na ambao umejaa majumbani mwetu. Twiga wa mwarobaini ni twiga vilevile, ati!

Wanafunzi wenzangu, mchuma janga hula na wa kwao. Ukinunua kinyago, muulize fundi ametumia mti gani. Na ukiwa na nafasi uani, panda mwarobaini mmoja. Huenda mnyama wa kesho yumo ndani yake.